Imeili nzito: uliza kwanza ndo ushushe

Niseme mapema, mimi programu siandiki. Ni fundi wa maofisi, wale mnaowaita mtu wa IT hata kilichoharibika kikiwa feni. Nazunguka ofisi ndogondogo hapa Dodoma, wapima ardhi, wakandarasi, asasi, watu wa mahesabu, kuanzia Area C mpaka Kisasa, na siku nyingine nafuatwa na gari napelekwa saiti huko Kongwa au Chemba. Na kitu kilichonilia muda kuliko printa kugoma, kuliko hata virusi, ni imeili nzito. Imeili halali kabisa, imetoka kwa mtu anayejulikana, ina kazi ya maana ndani yake, ila ina MB 40.

Watu wakiona imeili imekwama cha kwanza wanalaumu mtandao. Sawa, mtandao una mambo yake, Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa na jioni unaona kabisa laini inasuasua, af ukitoka nje ya mji kidogo unabaki na netiweki ya kubahatisha, upande ukutani ndo inakuja. Ila msimamo wangu baada ya kuhangaika na hizi kesi miaka yote hii ni kwamba mara nyingi sana mtandao unasingiziwa. Programu ya imeili ilikuwa inaujua uzito wa mzigo kabla haijaugusa, ikanyamaza, ikaanza kubeba tu. Hapo ndo pananikera mpaka leo.

Ngoja niwape kesi ya mama mmoja mhasibu, kampuni ya ujenzi, ofisi iko Area D. Alinipigia asubuhi, "Mwanangu, imeili haziingii toka juzi, na mimi nasubiri LPO hapa, bosi ananiangalia vibaya." LPO ni ile hati ya oda ya manunuzi. Nikaenda, shikamoo mama, marahaba, akanisogezea kiti akanionyesha. Chini kwenye kona programu imeandika inapokea ujumbe wa 3 kati ya 41, kamstari kanasogea taratibu, kanafika kama robo tatu kanasimama, zinapita dakika kadhaa kimya, inaandika muda umeisha, inaanza upya. Ujumbe wa 3 kati ya 41. Kamstari tena. Anatumia modemu ya laini ya simu, bando kanunua asubuhi hiyohiyo na saa nne lilikuwa limeshakata. Na juu kwenye inboksi zile meseji mbili za mwanzo zimejirudia, zilezile, tangazo la benki na salamu za mteja, zimejipanga toka juu mpaka chini, kwasababu kila ikianza upya inazichukua tena.

Akaunti yake ilikuwa imewekwa kwa POP3. Huo ni utaratibu wa siku nyingi wa kuchukua imeili kwenye seva, yani ile kompyuta inayokupokelea na kukutunzia imeili, maelezo yake yanayotumika mpaka leo yaliandikwa 1996, na umetengenezwa kwa mtu anayeingia, anazoa zake zote, anaondoka. Hauna namna ya kusema nilishafika hapa, niendelezee nilipoishia. Meseji ya MB 41 ukikatika kwenye MB 30 unaanza sifuri, na bando lililoliwa limeliwa. Kitu kingine, kufuta kwenye POP3 kunakuwa kweli pale tu programu ikiaga vizuri kwa amri ya QUIT, laini ikikatika kabla ya hapo seva inahesabu hujafuta kitu. Ndo maana zile mbili za mwanzo zilikuwa zinarudi kila safari. Kuna amri nyingine inaitwa UIDL inayompa kila meseji kitambulisho chake ili programu ijue hii nilishaichukua, ila yule jamaa aliyeandika programu ya mama sijui alikuwa na haraka gani.

Sasa sikilizeni utamu. POP3 hiyohiyo ya kizee ina amri inaitwa LIST. Ukiiita, seva inakupa namba ya kila meseji na uzito wake kwa baiti (baiti milioni moja ni kama MB 1), kabla hujashusha hata herufi moja. Na hakuna sheria inayosema lazima uanze na ya 1 uende 2 uende 3, unaweza kuchukua ya 17 kwanza kama unaitaka. Kwahiyo nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaingia kwenye seva kwa mkono, mama akaandika paswedi yake mwenyewe, nikaita LIST. Mistari 41 ikamwagika. Wa 3 umeandikwa baiti milioni 43 na ushee. Waliobaki wote hakuna hata mmoja aliyefika laki tatu. Nikaita TOP kwa namba 3, ambayo inakupa vichwa tu vya ujumbe, nani katuma, lini, kichwa cha habari, bila mzigo wenyewe. Nikamuuliza, "Mama, hii unaisubiri?" Akavaa miwani akasogea, akasoma, "Picha za semina Kondoa! Mwanangu mimi hata kwenye hiyo semina sikwenda." Nikaifuta kwa DELE 3, nikaaga kwa QUIT, nikafungua programu yake. Zikateremka zote hata chai haijapoa, na LPO ilikuwemo, imekaa siku mbili nyuma ya picha za watu wamesimama mbele ya bango.

Yani kila alichonisaidia kuamua yule mama kilikuwa kwenye seva siku zote hizo. Uzito ulikuwepo, jina la mtumaji lilikuwepo, kichwa cha habari kilikuwepo. Kilichokosekana ni programu kumuuliza. Zipo zinazouliza, Thunderbird kwa mfano ina setingi ya kuiambia usinishushie meseji inayozidi KB kadhaa, inakuletea kipande cha juu na linki ya kuchukua kilichobaki ukitaka, ila imejificha kule ndani kwenye setingi za akaunti na anayeihitaji zaidi ndo yule asiyejua hata kama akaunti ina setingi. Mimi kwangu hiyo ilitakiwa iwe kawaida. Zile ndogo zipite kwanza, kubwa isimame pembeni na jina lake na uzito wake, mwenye mali aamue.

Wengi niliwahamishia IMAP, utaratibu mwingine ambao imeili zinabaki kwenye seva, na mambo yakapoa sana. IMAP unaweza kuiuliza seva hii meseji imejengwaje, ikakujibu ina maneno KB 4, ina pdf MB 6, ina picha tatu, ukachukua maneno peke yake ukasoma af pdf ukaiacha palepale. Unaweza hata kuomba kipande kuanzia baiti fulani, kwahiyo programu yenye akili ikikatika inaendelea ilipoishia. Nasema yenye akili kwasababu utaratibu kuruhusu na programu kufanya ni vitu viwili, nimeona programu ya IMAP ambayo mtu akigusa tu meseji kwa kidole inashusha mzigo mzima kimyakimya, ati ikusaidie uweze kusoma ukiwa huna mtandao. Bando la nani?

Hiyo ni kupokea. Kwenye kutuma ndo kuna vituko zaidi.

Ofisi moja ya wapima ardhi walikuwa na seva yao ya imeili inayoendeshwa na programu ya Postfix, na Postfix ukiiacha ilivyo limiti yake ya ujumbe ni baiti 10,240,000, tuseme MB 10. Kijana wao ana ramani ya pdf, MB 8, anatuma inakataliwa, imezidi. Anaangalia faili, MB 8. Anaangalia limiti, MB 10. Ananipigia anasema kaka hii seva haijui hesabu. Inajua. Imeili tangu enzi za 1982 ilitengenezwa kubeba maandishi ya kawaida tu, herufi za Kiingereza na namba, sasa ilipofika 1992 watu wakataka kutuma picha na mafaili ikabidi faili ligeuzwe liwe herufi ndo lipite. Kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, ukiongeza na kukata mistari mzigo unavimba kwa zaidi ya theluthi. MB 8 zikawa karibu MB 11. Ni sawa na zabibu za Hombolo, wewe shambani umepima tunda tupu, kwenye lori wanapima na kreti. Programu ndo inayofunga hizo kreti, inajua kabisa uzito utakaotoka, lakini pale unapobandika faili inakuandikia MB 8 kwa upole. Iandike 11! Aandikiwe mtu kwamba hii ikisafiri itakuwa MB 11 na seva yako mwisho wake 10, abadilishe kabla hajabonyeza.

Na seva yenyewe inatangaza limiti yake, tena mwanzoni kabisa. Programu ikipiga hodi kwa EHLO, kwenye majibu kuna mstari unasema SIZE na namba. Hii kitu ipo tangu 1993, ikaandikwa upya 1995. Programu inatakiwa isome ile namba, na inaruhusiwa kusema mapema nakuja na mzigo wa baiti kadhaa, seva ikakataa palepale mlangoni. Badala yake nimekaa na huyo kijana tunaangalia laptopu inapandisha MB 11 zote kwa laini ya simu, dakika zinakwenda, ikifika mwisho kabisa ndo jibu la 552, ujumbe umezidi. Af programu haionyeshi hata hilo jibu lenyewe, inaandika kutuma kumeshindikana, jaribu tena. Na yeye anajaribu tena, si ndo kaambiwa!

Hapo bado hatujafika kwa mpokeaji. Seva yako inatangaza limiti yake yenyewe, ya kule unakopeleka haiijui mpaka ifike. Kwahiyo ujumbe unaweza kupita kwako vizuri, mtu akafunga laptopu akapanda SGR kwenda Dar akijua kazi imeisha, kumbe kule umekataliwa na umerudi. Ukirudi unarudi na taarifa ya Kiingereza yenye namba namba, 5.3.4 au 5.2.3, hizo zote zinasema mzigo ni mkubwa, na 5.2.2 ni sanduku la mpokeaji limejaa. Kwa mtumaji hizo ni habari tofauti kabisa, moja anatakiwa apunguze faili, nyingine anatakiwa ampigie mwenzie amwambie futa vitu. Programu ingezisoma ikamwambia kwa lugha ya kueleweka, hizo namba si zimepangwa rasmi ili mashine izisome. Watu wangu wengi wakiona taarifa ya kurudi wanaifuta wakidhani ni spamu.

Af kuna seva zinazorudisha ujumbe pamoja na mzigo wake wote. Umetuma MB 20, imekataliwa, unarudishiwa MB 20 zako kwenye inboksi yako, ambayo nayo sasa inajaa, na mtu mwingine akikutumia kitu kidogo na yeye anarudishiwa. Kuna namna ya kuomba rudisha vichwa tu, na Postfix ikiachwa ilivyo hairudishi zaidi ya KB 50 hivi za ujumbe wenyewe. Hiyo nawasifu.

Kuna jingine watu hawalijui, nalo ni kutuma mara mbili. Kwenye IMAP ya kawaida ukibonyeza tuma, programu inapandisha ujumbe kwenda kwa seva ya kutumia, ikimaliza inapandisha uleule tena kwenda kuuhifadhi kwenye folda la vilivyotumwa. Mzigo wa MB 11 umekula 22 kwenye bando. Nilikuwa Chemba na injinia wa saiti, anatuma picha za msingi wa jengo, kaona imeandika imetumwa lakini kamstari bado kanakwenda, akanikazia macho kama mimi ndo nakula. Zipo seva zinazoweka hiyo nakala zenyewe upande wao, ukiwa nayo ya hivyo zima hiyo setingi kwenye programu. Kama yako sio ya hivyo basi ndo hivyo, ila programu ingekuwa na huruma ingesubiri waifai ndo ipandishe hiyo nakala ya pili, hakuna anayeihitaji saa hiyo.

Siku hiyohiyo huko Chemba ndo niliona ile shida ya mama kwa upande wa pili. Mbele kwenye folda la vya kutuma kuna ujumbe wa MB 26 umekwama, nyuma yake vijiujumbe vya maneno mawili matatu, saruji imebaki mifuko kumi leteni kesho asubuhi, maji yameisha, fundi nondo anaumwa. Vyote vimesimama vinasubiri picha. Nikauhamisha ule mkubwa kwenye rasimu, vidogo vikatoka palepale. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwanini programu isijifanyie hivyo yenyewe.

Nakala kurudiarudia nayo ina chanzo chake kwenye uzito. Mkurugenzi wa asasi moja alituma ripoti ya mwaka kwa mfadhili Ujerumani, MB 18 na ushee, programu ikaandika imeshindikana, ikaweka kwenye foleni kujaribu tena. Kesho yake mfadhili kajibu kwa ustaarabu kwamba ameshaipokea, asante, mara tano. Mzee alinikalisha kitako. Kilichokuwa kinatokea, seva ikishapokea herufi ya mwisho inaanza kukagua virusi, inafungua zip, inaangalia ndani, ujumbe ukiwa mkubwa hiyo kazi inachukua muda, na ndo inajibu nimepokea. Programu yake ilikuwa imewekwa isubiri dakika moja tu. Dakika ikipita inakata, inahesabu imeshindwa, kumbe seva imeshachukua na inapeleka. Hili tatizo lilishaandikwa 1988 na mtu anaitwa Craig Partridge, na tangu 1989 maelekezo yanasema mtumaji asubiri dakika 10 pale mwishoni. Dakika 10 nzima. Nikaongeza ule muda kwenye setingi, ikaisha. Programu yoyote inayotuma vitu vikubwa haina sababu ya kuwa na haraka pale mwisho, baada ya kupandisha nusu saa unakatia nini sekunde za mwisho?

Sasa mtu atauliza hizi imeili zinakuwaje nzito hivi. Kwangu mimi jibu ni skana. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, ofisi nyingi nilizokuwa nahudumia zikawa na mguu mmoja Dar mguu mmoja hapa, na karatasi zilizokuwa zinatembea kwa mkono wa mhudumu zikawa zinaskaniwa. Na skana mtu kaikuta imewekwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili. Ukurasa mmoja wa A4 hapo, kabla haujabanwa, ni kama MB 104. Barua ya aya mbili na muhuri! Ukiweka nukta 200 na kijivu, ukurasa uleule unakuwa kama MB 4 kabla ya kubanwa, na muhuri unasomeka, saini inasomeka. Sehemu nyingi dawa yangu imekuwa kuingia kwenye skana nabadilisha hiyo setingi moja, naondoka, wiki nzima hawanipigii simu, wanadhani nimetengeneza seva.

Picha za simu ni hivyohivyo. Programu ya imeili kwenye iPhone ukituma picha nzito inakuuliza unataka ndogo, ya kati, kubwa au ilivyo, na inakuandikia kila moja itakuwa na uzito gani. Hilo ndo swali ninalolisema mimi siku zote, limeulizwa mahali pake, kwa mtu anayeweza kulijibu. Na uzuri wa kuuliza kuliko kubana kimyakimya ni kwamba mpima ardhi anayetuma picha ya bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, anataka ilivyo, namba iliyoandikwa pale isomeke, wa semina hana shida.

Nembo kwenye saini nazo, jamani. Kuna ofisi nembo ilikuwa na MB 2 peke yake, mtu anajibu "sawa, asante" inakwenda MB 2 na zaidi. Wakijibizana wiki nzima zile saini zinapangana humo ndani, mwishoni una ujumbe ambao hauna kiambatanisho hata kimoja na simu inahema kuufungua. Gmail wao ujumbe ukizidi KB 102 hivi za maandishi wanakata, wanakuwekea chini linki ya kuona wote. Watu wanalalamika ila mimi naona afadhali, simu ya RAM ndogo isilazimishwe kuchora mazungumzo ya miezi mitatu ili usome mstari wa juu.

Vijana wanaotoka chuo wananiambia kaka hayo yote ya nini, faili liweke mtandaoni, kwenye imeili weka linki tu. Gmail ukizidi MB 25 inakupeleka yenyewe Drive, hifadhi yao ya mtandaoni, Thunderbird ina Filelink ya kazi hiyohiyo tangu 2012, au tuma Whatsapp inabeba mpaka GB 2 siku hizi. Sikatai, ramani ya GB nzima huwezi kuilazimisha kwenye imeili. Lakini linki ina shida zake ambazo wao bado hawajakutana nazo. Kwanza mpokeaji anafungua anaambiwa aombe ruhusa, anaomba, mwenye faili yuko kikaoni Mtumba simu imezimwa, saa ya mwisho ya zabuni inapita. Pili, mkaguzi. Mkaguzi anakuja miaka mitatu baadae anataka kuona mkataba uliotumwa tarehe fulani kwa fulani, unamfungulia imeili ipo, tarehe ipo, linki ukibonyeza faili halipo, aliyekuwa anamiliki ile akaunti alishaacha kazi na akaunti ikafutwa. Nimelishuhudia hilo, na yule dada wa masjala ndo aliyebeba lawama wakati yeye linki hakuiweka. Kwahiyo programu ikitaka kugeuza kiambatanisho kuwa linki inatakiwa imwambie mtumaji linki inaisha lini na nani anaweza kuifungua, palepale kabla ya kutuma, na kwa vitu vya mikataba iruhusu nakala halisi ibaki mahali hata kama imebanwa. Mikataba mimi nawaambia punguza skana, tuma kwenye imeili yenyewe. Ramani na video ndo linki.

Kuna waliojaribu zamani kukata ujumbe vipande, kwenye ule utaratibu wa 1992 ipo kabisa namna ya kutuma ujumbe mmoja katika sehemu kadhaa na programu ya mpokeaji iunganishe. Wazo zuri kwa laini mbovu, ila programu nyingi hazikuunganisha, mtu anapokea vipande vya herufi za ajabu, na wakaguzi wa virusi wakakuta kirusi kimekatwa vipande hawakioni, seva nyingi zikaamua kuzuia kabisa. Likafa hivyohivyo.

Kuhifadhi sitasema sana. Yale mafaili ya PST ya zamani, ambayo Outlook inahifadhia imeili, mwisho wake ulikuwa GB 2, ukizifikia faili linaweza kuharibika, na nimekaa usiku kucha na watu wa namna hiyo. Siku hizi nafasi ni kubwa lakini tabia ileile, mtu ana inboksi ya GB 40 na hajui kwamba meseji chache tu ndo zimebeba nusu yake. Nikikaa kwenye kompyuta ya mtu cha kwanza napanga kwa uzito kutoka kubwa kwenda ndogo, namgeuzia kioo. Hapo hata sina haja ya kueleza, mwenyewe anaanza kucheka na kufuta.

Kwa sasa ofisi ninazozisimamia nimeziwekea limiti ya MB 30 kwenye seva, kreti zikiwemo, maana yake faili la MB 20 linapita bila wasiwasi, na hiyo namba nimeibandika ukutani juu ya skana kwa karatasi. Simu za watu wa saiti nimeweka zishushe KB 128 za mwanzo tu za kila ujumbe, kilichobaki mtu abonyeze akikitaka. Wakiwa Chemba wanasoma maneno, viambatanisho wanavikuta Area D kwenye waifai. Ninachokisubiri ni programu yenyewe itambue kwamba hapa ni bando na hapa ni waifai, simu inajua hilo, Android inajua, Windows inajua, kazi ni programu kuuliza tu. Yule injinia wa misingi bado ananisema kwamba nimemuongezea kazi, zamani alikuwa anabonyeza mara moja sasa mara mbili. Nimemwambia nitamrudishia kama alivyokuwa siku akinitumia salio.